Kuvrefe Goma: saa ni moja kwa wote, lakini mgeni anaibeba namna gani?

Saa kumi na moja za magaribi, kwenye Rond-point Signers, wamotari wanaanza kupandisha bei. Anayekwenda Mugunga anaombwa mara mbili ya bei ya asubuhi. Anayekwenda Buhene anajibiwa: "Kule siendi tena, nitarudi namna gani?" Simu zinalia kila upande: "Uko wapi? Saa zimeenda!" Wakaaji wa Goma wanaijua sana hii hali. Waliishi nayo wakati wa korona, kisha wakaishi nayo tena chini ya utawala wa kijeshi. Amri inafunga usiku, na kila mtu anatafuta mlango wake mbele ya saa kufika.

Mwenyeji ana mlango. Ana jirani anayemjua, ana ndugu mu kartie ya katikati ambako anaweza kulala kama amechelewa. Na mgeni je? Mfanyakazi wa ONG aliyetoka Dakar ao Nairobi, mwanafunzi wa Bujumbura, mama mchuuzi wa Gisenyi aliyechelewa soko ya Virunga, fundi wa Bukavu ambaye hajamaliza hata wiki mbili hapa? Karatasi ya amri inaandika saa moja kwa watu wote. Barabarani, hiyo saa haina uzito mmoja.

Makala hii inaeleza kuvrefe ni kitu gani, nani anaiamuru, wageni wanaishi nayo namna gani hapa Goma na pengine, na nini kinaweza kumsaidia mtu asikamatwe ao asilale nje.

Neno lenyewe na wenye kuamuru

Couvre-feu ni neno la Kifaransa, maana yake "kufunika moto". Zamani kule Ulaya kengele ililia usiku ili kila nyumba ifunike moto wake, juu nyumba nyingi zilikuwa za mbao na moto mmoja uliweza kuteketeza mji mzima. Wakenya na Waganda wanasema kafyu. Watanzania wanasema amri ya kutotoka nje. Hapa kwetu tunasema kuvrefe.

Inchini Kongo, kuvrefe inaweza kutoka juu kabisa. Ile ya korona ilianza tarehe 18 mwezi wa kumi na mbili 2020 mu inchi yote, toka saa tatu za usiku paka saa kumi na moja za asubuhi. Kisha saa zilibadilishwa zaidi ya mara moja. Inaweza pia kutoka kwa gavana, na hapo ndipo jambo la kijeshi linaingia.

Tarehe 3 mwezi wa tano 2021, rais Félix Tshisekedi alitangaza état de siège mu Kivu ya Kaskazini na Ituri. Ilianza kazi tarehe 6. Magavana wa kiraia walitoka, wakaingia wa kijeshi: jenerali Constant Ndima hapa Goma, jenerali Johnny Luboya kule Bunia. Kufuatana na katiba, hali hiyo ni ya siku 30, kisha bunge linaweza kuiongeza kwa siku 15 kila mara. Ilivyoendelea, kila mtu anajua: iliongezwa na kuongezwa, miaka ikapita.

Amri ya rais iliwapa wakubwa wa jeshi uwezo mwingi. Wanaweza kusaka nyumba mchana na usiku. Wanaweza kukataza mikutano. Wanaweza kukataza watu na magari kutembea mahali fulani na saa fulani: hiyo ndiyo kuvrefe. Na kuna uwezo mwingine ambao watu wachache waliusikia: wanaweza kuwaondoa watu ambao hawana makao yao ya kawaida mahali penye état de siège.

Tuliangalie hilo neno la mwisho. "Makao ya kawaida" haisemi raia ao si raia. Mukongomani wa Kisangani anayepanga chumba kwa mwezi mmoja Majengo anaweza kuulizwa swali lile lile sawa mtu wa Kigali ao wa Lyon: unaishi wapi, na nani anakujua hapo? Wakati wa utawala wa kijeshi, mgeni ni kila mtu ambaye avenyu haimjui.

Tarehe 12 mwezi wa kumi 2023 rais alitangaza kwamba utawala wa kijeshi utalegezwa pole pole. Kati ya mambo aliyotaja kulikuwa kuondoa kuvrefe na kurudisha haki ya kutembea na kukusanyika. Lakini mji ambao vita iko karibu nao hausahau haraka. Hata siku ambazo hakuna amri yoyote, watu wengi wa Goma wanaingia nyumbani mapema sawa vile amri ingeliko.

Saa ya amri na saa ya moto ya mwisho

Kuna saa mbili za kuvrefe. Ya kwanza ni ile gavana ao meya anatia sahihi. Ya pili ni saa ambapo moto ya mwisho inaondoka.

Goma ni mji wa moto. Teksi na basi ziko kwa barabara kubwa, lakini mtu wa Ndosho ndani, wa Mugunga, wa Katoyi ao wa Buhene anafika kwake kwa moto ao kwa miguu. Mara nyingi wakubwa wa mji walikataza moto kutembea usiku, na kuna wakati katazo lilianza saa kumi na mbili za magaribi, juu wezi wenye silaha walitumia moto. Basi hata kama kuvrefe imeandikwa saa nne za usiku, kwa mtu asiye na gari inaanza saa kumi na mbili. Kutoka katikati ya mji paka Mugunga ni kilometa kama kumi. Kwa miguu, juu ya mawe ya volkano, avenyu bila taa, hiyo si matembezi.

Mwenyeji anajua hilo toka utoto, anahesabu siku yake kwa kurudi nyuma: niingie saa moja, basi nitoke kazini saa kumi na moja, basi mteja wa mwisho nimpokee saa kumi. Mgeni anasoma karatasi tu. Anaona "saa nne", anajiambia kuna wakati. Saa mbili anatoka dukani na hakuna moto hata moja.

Mgeni wa jeep na mgeni wa miguu

Watu wakisikia "mgeni" Goma, wanafikiri mara moja mhumaniteri: jeep nyeupe yenye bendera, nyumba kando ya ziwa, Himbi ao kartie Les Volcans, ukuta mrefu, sentineli mlangoni. Huyo naye anaishi na kuvrefe, lakini mara nyingi si ile ya serikali. Mashirika mengi yana amri zao za ndani: saa ya kuingia ambayo inaweza kuwa mapema kuliko ya gavana, hakuna kupanda moto, hakuna kutembea kwa miguu giza likiingia. Mu mashirika mengi, magaribi kila mmoja anaitwa kwa redio ya mkononi ili ajibu kwamba yuko ndani. Asipojibu, anatafutwa.

Kwa wengi wao maisha ni ofisi, gari, nyumba. Wanaweza kukaa Goma mwaka mzima bila kujua Birere inanukia nini saa mbili za usiku. Wengine wanachoka na kuta, wanahesabu wiki paka likizo. Ni maisha ya kufungwa, hata kama kifungo kina jenereta na maji.

Lakini nyuma ya mgeni mmoja aliyeingia mapema kuna wenyeji kadhaa ambao wanapaswa kupanga saa zao juu yake. Mama anayepika lazima awe ametoka mbele ya moto kuisha. Shofa anayemfikisha bosi mlangoni saa ya mwisho anabaki na swali: na mimi, nani atanifikisha? Sentineli anaingia kazini mbele ya giza na hatatoka paka asubuhi. Mtoto wake akiugua usiku, yuko upande mwingine wa mji akilinda mlango wa mtu mwingine. Wafanyakazi wa mikahawa kando ya ziwa wanachagua kati ya kupoteza saa za kazi na kulala juu ya viti. Kuvrefe ya mgeni inalipwa pia na mwenyeji.

Kisha kuna mgeni wa pili, yule wa miguu, na huyo ndiye mwingi zaidi. Mwanafunzi anayepanga chumba, muuza nguo, fundi simu, mkimbizi wa Burundi, mtu aliyetoka Walikale kutafuta matibabu ya ndugu. Hana jeep, hana redio, hana ofisi ya usalama. Kama doria inamkuta njiani nyuma ya saa, ana vitu vinne tu vya kumwokoa: karatasi, jina la avenyu yake, mtu wa kumpigia simu, na namna ya kusema.

Hiki cha nne ni kigumu. Wakati wa vita, namna ya kusema inageuka sawa karte. Anayesema Kiswahili cha pwani anaulizwa anatoka wapi. Anayesema Kinyarwanda anatazamwa vibaya, hata akiwa Mukongomani aliyezaliwa Masisi ao Rutshuru na babu yake amezikwa pale. Watu walitukanwa, wakapigwa, wakakamatwa kwa sababu ya sura ao lafuzi. Kuvrefe inaongeza hatari hiyo, juu usiku hakuna mashahidi wengi. Jirani ambaye mchana angesema "huyu namjua, ni mtoto wa kwetu" amefunga mlango wake.

Mpakani, usiku unaanza mchana

Goma na Gisenyi ni mji mmoja uliokatwa na mstari. Mu siku za kawaida maelfu ya watu wanapita Petite Barrière: mama wenye nyanya na maziwa, watoto wa masomo, walemavu wenye baiskeli zao za kubeba mizigo. Wakongomani wengi wanapanga nyumba Gisenyi na kufanya kazi Goma, na kuna Wanyarwanda wanaofanya kinyume. Kila siku wao ni wageni upande mmoja na wenyeji upande mwingine.

Tarehe 17 mwezi wa sita 2022, askari mmoja wa Kongo alivuka pale Petite Barrière akipiga risasi, akauawa upande wa Rwanda. Nyuma ya hapo, wakubwa wa Kivu ya Kaskazini waliamuru mpaka ufungwe saa tisa za mchana.

Saa tisa, jua bado kali. Kwa mtu anayelala Goma na kufanya kazi Goma, hiyo si kitu. Kwa mama ambaye watoto wako Gisenyi na meza yake iko Birere, hiyo ndiyo kuvrefe yenyewe, tena kali kuliko ya usiku. Wateja wanatoka kazini saa tisa ao saa kumi, na yeye saa hiyo lazima awe amevuka. Akichelewa dakika kumi, analala upande ambao hana kitanda. Wakati ule wachuuzi wengi walijifunza kutafuta "dada wa Goma" ao "dada wa Gisenyi": mwanamke wa upande mwingine ambaye unaweza kulala kwake siku mpaka unakufungia, na yeye pia atalala kwako siku yake ikifika.

Usiku ambao amri haikufaa kitu

Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, siku ya posho, mji ulikuwa na mambo mawili pamoja: kuvrefe ya korona na utawala wa kijeshi wa wiki mbili na kitu. Magaribi mbingu ikawa nyekundu. Nyiragongo ilikuwa imelipuka.

Hakuna aliyeuliza saa. Watu walibeba watoto na magodoro, wengine wakaelekea Sake, maelfu wakaelekea Gisenyi. Wenyeji wenye umri walikumbuka tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, lava ilipopita katikati ya mji. Walijua njia gani inaweza kukatika, mlima gani ni wa kupanda. Mgeni aliyefika mwaka ule hakuwa na kumbukumbu hiyo. Alifuata kundi, ao alibaki ndani kwa sababu amri ilisema mtu asitoke.

Lava iliunguza nyumba upande wa Nyiragongo na Buhene, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Siku tano nyuma, tarehe 27, gavana Ndima aliamuru wakaaji wa kartie kumi waondoke, juu wataalamu waliogopa mlipuko mwingine. Wakubwa wale wale waliowaambia watu wasitoke usiku sasa waliwaambia watoke haraka.

Wiki ile ilionyesha wazi: amri ya kutotoka ni ya kulinda watu. Siku hatari iko ndani ya nyumba, maisha yanapita mbele ya saa. Mgeni anahitaji kuambiwa hilo mapema, na kwa lugha anayosikia.

Kampala: siku Wakongomani walikuwa wageni

Ili kuelewa mgeni, ni vizuri kukumbuka kwamba watu wa Kivu nao ni wageni pengine. Kampala ina Wakongomani wengi, sana sana upande wa Katwe, Nsambya na Makindye. Wengi ni wakimbizi. Wamama wanatembeza vitenge na vito mkononi, nyumba kwa nyumba, ofisi kwa ofisi.

Mwisho wa mwezi wa tatu 2020, rais Yoweri Museveni alitangaza kafyu ya korona: toka saa moja za magaribi paka saa kumi na mbili na nusu za asubuhi. Magari ya watu binafsi na basi yalisimamishwa, na bodaboda zikakatazwa kubeba watu. Walioisimamia barabarani hawakuwa polisi tu. Kulikuwa jeshi na vijana wa LDU waliofunzwa na jeshi, na waliwapiga watu vibaya paka, katikati ya mwaka ule, wakaondolewa barabarani ili wafundishwe tena. Kafyu yenyewe, na saa zilizobadilika mara kadhaa, haikuisha paka tarehe 24 mwezi wa kwanza 2022. Karibu miaka miwili.

Kwa mchuuzi wa kutembea, kafyu ya saa moja ina maana anaanza kurudi saa kumi, kwa miguu. Asipouza siku hiyo, hali siku hiyo. Mganda anaweza kurudi kijijini kwa wazazi, akalima. Mkimbizi hana kijiji Uganda. Na akisimamishwa njiani, hasemi Kiganda vizuri, Kiswahili kule wengi wanakihesabu kuwa lugha ya askari, na karte yake ya ukimbizi si kila askari anaijua.

Jambo moja lilibadilika kwa sababu watu walilalamika kwa sauti. Mwanzoni, hata mama mjamzito alihitaji ruhusa ya mwakilishi wa rais mu wilaya ili gari limpeleke hospitali. Nyuma ya malalamiko, rais aliruhusu wajawazito waende bila hiyo karatasi.

Thailand: pesa ya mgeni ilifungua usiku

Kuna mfano wa mbali unaoonyesha upande mwingine. Thailand, inchi ya Asia, inaishi sana na watalii, na wageni wengi wamehamia kule: wazee wa Ulaya wanaokula pensheni yao karibu na bahari, walimu wa Kiingereza, wafanyabiashara. Tarehe 22 mwezi wa tano 2014, jenerali Prayut Chan-o-cha alichukua utawala kwa nguvu. Usiku ule ule kuvrefe ikaanza: toka saa nne za usiku paka saa kumi na moja za asubuhi, inchi yote.

Mji wa Bangkok, ambao haulali, ulinyamaza. Baa na maduka yalifunga mapema, treni za mjini zilisimama mbele ya saa nne ili wafanyakazi wafike kwao. Mu televizyo, kwa muda, programu za kawaida ziliondolewa na nyimbo za jeshi zikawekwa. Mgeni aliyekuwa na ndege usiku aliruhusiwa kwenda uwanjani akionyesha pasipoti na tikiti. Wengine walikaa hotelini ao nyumbani.

Lakini angalia namna usiku ulivyofunguliwa. Siku sita nyuma, tarehe 28, saa zilipunguzwa: ikawa toka katikati ya usiku paka saa kumi za asubuhi. Tarehe 3 mwezi wa sita, kuvrefe iliondolewa Pattaya, Phuket na Ko Samui, miji na visiwa vya watalii. Wathailand wa sehemu nyingine nyingi walingoja paka tarehe 13. Jeshi lilianza pale ambapo wageni wanaacha franga zao.

Goma haina watalii wengi hivyo, hata kama Virunga na ziwa vingeweza kuwaleta. Lakini hesabu ni ile ile. Mgeni mwenye pesa ao mwenye shirika nyuma yake anasikilizwa haraka, na akizidiwa, anaondolewa. Mwezi wa kwanza 2025, wakati vita ilikaribia kuingia ndani ya Goma, mashirika yaliondoa wageni wao wengi. Wenyeji walibaki, pamoja na wageni wa miguu, mu mji bila umeme na maji.

Katiba inasema nini?

Watu wengi wanafikiri kwamba état de siège inafuta haki zote, na kwamba mgeni hana haki yoyote. Yote mawili si kweli.

Artikle ya 30 ya katiba ya Kongo inasema mtu yeyote aliye ndani ya inchi ana haki ya kutembea na kuchagua makao, kwa masharti ya sheria. Imeandika mtu yeyote, haikuandika Mukongomani tu. Artikle ya 32 inampa mgeni aliyeingia kwa njia ya sheria ulinzi wa mwili wake na mali yake. Naye analazimishwa kufuata sheria za inchi. Kwa hiyo kuvrefe inamhusu sawa wengine, hata akiwa na pasipoti ya inchi kubwa.

Artikle ya 18 inasema anayekamatwa aambiwe sababu mara moja, mu lugha anayoelewa. Kumweka polisi bila kumfikisha kwa mwenye uwezo wa sheria kusipite saa 48. Na artikle ya 61 inataja mambo ambayo hayawezi kuguswa hata wakati wa état de siège: haki ya kuishi, kukatazwa kwa mateso, haki ya kujitetea, uhuru wa dini na wa mawazo.

Kuwa nje saa tano za usiku ni kosa la kuvrefe. Si ruhusa ya kumpiga mtu, na si ruhusa ya kumnyanganya simu ao franga zake.

Nini kinaweza kusaidia

Watu walioishi na kuvrefe Goma, wenyeji na wageni, wanarudia mambo yale yale:

Ujulishwe. Siku ya kwanza mu kartie, mgeni apelekwe kwa shefu wa avenyu na kwa majirani wa karibu. Mwenye parsela ndiye anapaswa kumpeleka, asingoje askari waje kuuliza.

Tembea na karatasi. Karte ya elekta, pasipoti yenye viza, karte ya mwanafunzi ao ya ukimbizi. Piga picha ya kila moja, iweke mu simu, na umwachie mtu mmoja nyumbani.

Hesabu saa ya moto ya mwisho, usihesabu saa ya amri. Na uwe na nyumba moja katikati ya njia ambako unaweza kulala.

Ukisimamishwa, simama. Usikimbie, usitoe simu kufilmu, mikono ionekane. Salimia, sema jina, unakotoka, unakokwenda, na sababu.

Usingoje ugonjwa. Andika mapema namba ya kituo cha afya cha karibu, ya shefu na ya mtu mwenye gari. Kama kuna mjamzito ao mgonjwa wa muda mrefu ndani ya nyumba, zungumza na munganga mchana namna ya kutoka usiku.

Na waajiri wafikirie wafanyakazi wao. Anayetaka mpishi, shofa ao mhudumu abaki paka giza, apange pia namna ya kumrudisha ao mahali pa kumlaza.

Amri mpya ikitoka, mara nyingi inasomwa kwa Kifaransa, na mu kartie inafika vipande vipande: mmoja anasema saa mbili, mwingine anasema saa nne. Kuna maswali manne ya kuuliza mbele ya kuamini: inaanza saa ngapi na kuisha saa ngapi, inahusu sehemu gani, nani anaruhusiwa kutembea, na itadumu paka siku gani. Mwenyeji akipata majibu, amgongee mlango mpangaji wa chumba cha nyuma na kumweleza. Huenda yule bado hajasikia kitu.